Mustafa, Kibali cha Jamila Kimetoka

Saint-Josse, Brussels,
9 Novemba 2013

Mpendwa mwanangu Mustafa,

Assalaam alaikum. Nakusalimu wewe, mkeo Tasnim na watoto wote hapo Buyenzi. Mgongo wako unaendeleaje? Tasnim bado anakukanda, au umemchosha kwa malalamiko? Mimi mzima, Alhamdulillah, ila magoti yananinunia kila baridi ikianza, na hapa imekwisha anza.

Anayeandika ni mjukuu wangu Jamila. Nimemkataza kunipunguzia maneno. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ukisikia asante unaanza mizaha, halafu unakata. Safari hii utanyamaza mpaka nimalize.

Kibali kimetoka. Namshukuru Mungu, na baada yake nakushukuru wewe.

Najua ulihangaika bila kuelewa vizuri kwa nini, maana huyu binti alikuomba huku analia. Ni hivi. Jeshini, hapa Ubelgiji, alikuwa na kibali cha kutunza siri za serikali. Alipopata kazi ya kiraia, ofisini huko Etterbeek, alidhani kibali kitahama naye kama sanduku. Wakamwambia hapana, raia wanachunguzwa upya, tena na watu wengine, na kila mtu mzima anayeishi naye anaulizwa. Kambini alilala peke yake. Sasa anaishi na mimi. Na jeshi alikwisha liaga. Wakimnyima kibali, hana kazi ya nyuma wala ya mbele.

Wakaja bwana mmoja na mkalimani wake, watu wenye adabu. Nikawapa chai ya tangawizi. Yule bwana akauliza, "Maman, una watoto wangapi?" Nikamtajia Hamisi, baba yake Jamila, Mungu amrehemu, kisha nikakutaja wewe. "Huyu Mustafa anafanya kazi gani?" Mwanajeshi wa Burundi, nikasema, tena mkubwa, watu wanampigia saluti. Nilijivuna, sikatai.

Kumbe Jamila alikwisha waandikia kwamba baba yake alizaliwa peke yake. Sasa ikaonekana anaficha baba mdogo mwenye bunduki.

Siku walipomwita kumhoji alirudi macho mekundu. "Bibi, umeniua! Mustafa ulimzaa wewe?"

"Nilimnyonyesha."

"Hawaulizi habari za maziwa, Bibi!"

"Basi wameuliza nusu ya mambo."

Tukakaa jikoni tumenuniana mpaka wali ukaungua.

Mimi sikusema uongo na sitaomba radhi. Dada yangu Zuhura alikuzaa, akafariki ungali mwekundu. Hamisi wangu naye alikuwa mchanga. Nikawapakata wote, yeye kulia, wewe kushoto, na wewe ndiye uliyekuwa unauma. Dini inawajua kuwa ndugu. Buyenzi nzima inawajua hivyo. Nani aliwahi kusimama mlangoni kwangu kuuliza yupi katoka wapi? Basi mtu akiniuliza watoto wangu, nimruke mmoja kwa sababu gani?

Lakini wenyewe walitaka aliyezaliwa tumboni, na walitaka ushahidi. Ndipo ukaenda ofisi ya komini, ukawatafuta wazee waliomzika Zuhura, ukaapa mbele ya watu kwamba mimi si mama yako. Tasnim ameniambia siku ile ulirudi nyumbani hukula, ukalala umeelekea ukuta. Tena ulimwomba mkubwa wako ruhusa ukijua atataka kujua Wabelgiji wana haja gani na wewe. Akakuuliza maswali ya kukudhalilisha, ukavumilia. Mimi hukunieleza lolote. Ulituma karatasi na pakiti ya ndagala wakavu, basi.

Walikuwa watamu. Tumekula wote.

Mustafa, mwanangu, umeumiza moyo wako ili mtoto wa ndugu yako apate kazi. Hamisi angekuwa hai angepanda ndege kuja kukushika mikono. Mimi magoti haya hayanipi ruhusa, kwa hiyo nakushika kutoka hapa. Asante. Narudia, asante. Usicheke.

Jamila anaanza Jumanne. Amenunua koti la kijivu, anaonekana kama mjane wa Kibelgiji, lakini amefurahi, anaimba bafuni. Siri atakazotunza huko sizijui wala sitaki kuzijua. Mimi kazi yangu ni kumwamsha.

Wasalimie wale wazee waliotoa ushahidi, hasa mzee Chande, ambaye nasikia alibebwa kwa kiti mpaka komini. Mwambie Djibril mwanao asome, na asikuibie sigara. Tasnim mpe busu langu, yeye ndiye anayeniambia ukweli wa nyumba hiyo.

Mungu akulinde kazini na njiani, akuondolee maumivu ya mgongo, akupe uzee wa kukaa na kuhudumiwa.

Bado neno moja. Tangu wiki ile ya kiapo Jamila anaogopa kukuita kama alivyokuwa anakuita, anasema "Mustafa wa Buyenzi", kama anataja fundi wa redio. Nimemwambia: hao wamekwisha pata jibu lao, na lilikuwa jibu la kweli kwa swali lao. Hapa hakuna anayetuhoji. Andika, na usilie juu ya karatasi yangu.

Baba mdogo, asante. Mimi mwanao, Jamila.

Umeona? Mwandiko haukutetemeka.

Ni mimi nikupendaye,
mama yako.