Utumbo wa Vioo na Makopo ya Kongo

Kongo, Kawangware,
Nairobi.
8 Juni 1997

Mpendwa Timothy,

Hujambo, mwanangu? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Ubelgiji? Sisi tunapumua, ila mjukuu wangu Mitchelle bado anaharisha na amebaki macho tu.

Picha ya utumbo wenu wa vioo ilifika. Chupa tano, mipira katikati, na mashine ya kuulisha uji. Unasema ndani mnafuga vijidudu vya utumbo mwembamba wa watoto wetu. Nimesoma ripoti yenu mara mbili. Choo hutoka mwisho wa utumbo mpana. Huo mwembamba mliuonea wapi? Ama mlikisia, mkaandika Kizungu kigumu ili tusiulize?

Sasa sikia asilolijua Sella, muuguzi wenu. Alipogawa makopo kumi na mawili ya kuchukulia choo hapa plotini kwetu, kila moja na jina la mtoto, kina mama waliogopa. Choo cha mtoto hakiachwi mikononi mwa mgeni, asije akamroga nacho. Jirani yangu Akoth akaniuliza, "Mama Lenah, kwani choo yetu inapata viza na sisi tunanyimwa?"

Wiki hiyo Marvin, mtoto wa binti yangu Lenah, alikuwa ametutembelea kutoka mtaa wa Nyayo Highrise. Tukaamua: choo cha Marvin, majina ya wengine, na mwenye nia mbaya atapotea njia. Nilijaza makopo yote mimi mwenyewe, kwa kijiko.

Kwa hivyo utumbo wenu wa Kawangware ni Marvin, mtoto wa maji ya kuchemshwa na maziwa ya pakiti.

Mwezi ujao Sella anaanza kuwapa watoto ile poda ya kuzuia kuharisha mliyoijaribu katika chupa hizo. Jina la kwanza kwenye orodha ni Mitchelle. Wangu nitamkataza asiinywe, lakini wale wengine kumi na mmoja? Nikimwambia Sella atanyamaza, maana kazi yake imo katika makopo hayo. Hata wewe nakushuku, kwa sababu shahada yako imo humo humo.

Mwambie mkubwa wako amwage chupa zote na asimamishe poda. Aibu ni yangu, mtajie jina langu. Kisha uje mwenyewe. Kopo la Mitchelle, la kweli, nitakupa wewe mkononi, wala si mwingine.

Lenah na mjomba wako Wanzala wanakusalimu. Mungu akupe mdomo mbele ya wakubwa wako.

Wako akupendaye hata anapokushuku,
Shangazi Rachael