Sanduku la Kanengo na Ukuta Wangu wa Udongo

Dzaleka, mwezi wa kumi

Assalam aleikum, Ramazani mwanangu.

Salamu nimetoa kwa sababu dini inanilazimisha. Moyo wenyewe bado umenuna. Kutoka Kanengo mpaka hapa Dzaleka ni safari ya asubuhi moja, na tangu Idd ya kuchinja sijaona hata kisigino chako. Miezi sita. Batu wanavuka nchi tatu kwa miguu wakitafuta mama zao, wewe umeshindwa kupanda gari moja. Na usiniambie kazi. Tumbaku haikukunyonyesha.

Mnaendeleaje? Kifua cha mkeo Zaina kimepona? Nilimwacha anakohoa, nikamwambia achemshe majani ya mpera anywe kabla ya kulala. Muulize kama alikunywa au alimwaga nilipogeuka. Mimi mzima. Mguu unauma baridi ikija tu, lakini nachota maji mwenyewe na nasali nikiwa nimesimama.

Anayeniandikia ni Mama Shantali, yule jirani yangu Mrundi anayeuza maharage. Alitaka kuanza na "kwa heshima na taadhima". Nikamwambia huyu ni mtoto niliyemwosha matako, heshima ya wapi. Andika kama ninavyosema.

Sasa nyumba. Najua unangoja jibu, na najua bosi wako amesema mwezi huu ukiisha lile sanduku la Kanengo mnaloliita nyumba atampa mtu mwingine. Jibu nitakupa, lakini utalipata kwa njia yangu.

Nianze na yule dereva uliyemtuma. Alifika Jumatatu mchana, mi natwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya mlango. Mtu mrefu, kofia safi, ana adabu, alichuchumaa na kupiga makofi kidogo kama wanavyofanya Wamalawi kwa wakubwa. Akasema, "Agogo, mwana wanu wandituma kuti ndikuuzeni."

Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Bibi, mwana wako amenituma nikuuze.

Nikamuuliza, "Nani amesema uniuze?"

"Ramazani," anajibu, meno yote nje.

"Uniuze kwa nani?"

Yeye akaona ninataka habari zaidi. "Inde, agogo. Ndikuuzeni zonse."

Zote. Nikasema kumbe si mguu tu, nauzwa mwili mzima, na aliyemtuma ni mwanangu wa tumboni. Nikanyanyuka na mchi. Yule mtu alizunguka nyumba mara mbili, anapiga kelele "pepani, pepani", samahani ya kwao, kofia ikabaki kwangu. Mama Shantali alitoka kwenye maharage yake, akasikiliza, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Ramazani, shusha huo mchi. Kwa Wamalawi kuuza njo kuambia. Huyu anataka kukuambia tu."

"Na kuuza kwenyewe wanasemaje?"

"Kugulitsa."

"Basi angesema anakuja kunigulitsa, ningemletea kiti."

Hapa tulipofika Mama Shantali amecheka tena, ameharibu karatasi moja. Yule dereva nilimrudishia kofia, nikampikia nsima, ule ugali wao, na ile sombe, akala vizuri, tukapatana. Njo akaniambia sasa, kwa mdomo uliojaa: kwamba wazungu waliojenga barabara wameacha nyumba ya kiwandani, inakuja vipande vipande na kufungwa kwa nati, kwamba bosi wako anakuachia, kwamba mwenye kiwanja chako pale mtaa wa Area 25 amekubali uisimamishe nyuma ya chumba chenu, na kwamba nyumba hiyo ni ya mama yako. Lile neno la mwisho lilinigusa, sitakuficha. Nilimpa nyongeza ya sombe kwa ajili ya lile neno.

Jumanne nikachukua ofisini karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda gari lake. Njia nzima alikuwa ananionyesha mlima, mto, duka, na kila kitu anasema "ndikuuzeni, agogo" halafu anacheka peke yake.

Wewe walikuwa wamekutuma Kasungu. Zaina njo alinipeleka kwenye ua wa depo. Nimeingia nyumba yako, mwanangu, na sikuingia kwa chuki. Nimekagua kama ninavyokagua mchumba wa binti.

Mazuri yake nayasema. Sakafu yake imeinuka, maji hayaingii. Mchwa hawana cha kula kwenye mabati. Dirisha linafunga mpaka mwisho, halina pengo hata la kupitisha unyasi. Hakuna vumbi. Nilipitisha kidole kila mahali, kikarudi kilivyokwenda. Mtu akiniambia ile ni nyumba mbaya nitamwambia hana macho.

Lakini tuliingia saa sita, jua kichwani. Kabla sijamaliza kuangalia vyumba viwili, Zaina amefungua kitambaa cha kichwa anajipepea. Nikagonga ukuta, ukalia kama debe. Nikamuuliza mlinzi wa depo, "Jiko liko wapi?"

"Mkaa hapana humu, agogo. Ukuta una gundi ndani, utashika moto."

"Na msumari wa kutundika chandarua?"

"Msumari hapana. Utatoboa."

"Nikitaka kuongeza upenu wa kukaa wageni?"

"Haiongezwi. Imekuja hivyo kutoka kiwandani."

"Basi mimi ndani humo ninaruhusiwa nini?"

Akafikiri, maskini, akasema, "Kulala."

Halafu akataka kuisifia kitu cha mwisho. Akatoa spana, akanionyesha zile nati kwenye pembe. "Watu wanne, nusu siku, tunaifungua yote, tunaipakia, inakwenda popote. Huachi kitu nyuma."

Nikashuka ngazi, nikamwambia Zaina twende.

Ramazani, najua hicho njo kilikuvutia. Ulimwambia dereva anieleze kabisa: mwambie mama hata tukihama tena, nyumba tunahama nayo. Uliwaza vizuri. Uliona nalia kwa nyumba ya Buyenzi kule kwa Warundi, ile baba yako alijenga tofali kwa tofali, tukaiacha na chungu kikiwa motoni. Ulitaka mama asiache kitu tena. Lakini papa, mwanangu, mi nimefunguliwa mara tatu bila spana. Kindu nikatoka, Buyenzi nikatoka, kule Kigoma nikalala kwenye hema ambalo nalo lilitoka kiwandani, nalo lilikuwa zuri, nalo lilikuwa linakunjwa. Nyumba iliyosimama tayari kwa safari inanifanya nami nilale na viatu. Ile nyumba ni ya mtu anayehama. Mi nimechoka kuhama. Kama Mungu atatutoa hapa, nitaiacha hii ya udongo, mvua mbili tatu itarudi ardhini ilikotoka, haitamdai mtu kuibeba.

Na jambo lingine nalisema wazi, usishike kichwa. Siku nitakufa. Zile ngazi tatu za chuma na ule mlango mwembamba, jeneza mtalipitisha vipi, mtanisimamisha? Na wanawake wa matanga watakaa wapi, kwenye ngazi? Hapa kwangu wanawake ishirini wanakaa chini mkekani na mguu wa mtu hauko juu ya mwingine.

Sasa nijibu lile unaloliogopa. Unaogopa ukuta.

Una haki. Ukuta wa nyuma uliniangukia mwezi wa pili, wewe njo ulinichimbua, nakumbuka uso wako. Tangu siku ile unasema udongo unaua. Nami nikakaa nikilitafuta jibu. Sasa ninalo. Udongo haukuniua, haraka yetu njo ilitaka kuniua. Nilijenga kama tulivyojenga kwetu Kindu, lakini nikasahau nusu ya kazi. Nyumba ya mama yangu, paa la majani lilishuka chini mpaka mgeni anainama kuingia. Sisi batoto tuliona ni ushamba. Kumbe yale majani yalikuwa mwavuli wa ukuta. Hapa tulipewa turubai, tukalikata sawasawa na ukuta ili litoshe, tukajisifu. Maji yote ya paa yakaanguka miguuni pa ukuta, siku baada ya siku. Hata mimi ukinisimamisha ndani ya maji miezi mitatu nitaanguka.

Kwa hiyo niliporudi kutoka kwako nilifanya kazi. Wiki sita kabla yake nilishaanza kufyatua matofali, sikukuambia kwa sababu ungekataza. Udongo nilichota kwenye kichuguu, si ule mweusi wa bondeni ulioniangusha. Ukiuminya unashika kama unga wa mandazi. Chini nimepanga mawe. Juu ya turubai nimeezeka nyasi, na nyasi zinatoka nje ya ukuta urefu wa mkono wangu mzima, na kuzunguka nyumba nimechimba mfereji. Jumamosi wanawake walikuja kukandika: Mama Shantali, Warundi wenzake watatu, na wale wa kwetu wa msikitini. Tulikanyaga udongo mpaka magoti, kila mmoja anaimba kwa lugha yake na anasema mwenzake anakosea. Mama Shantali anasema kwao wanachanganya samadi ya ng'ombe. Nikamwambia nyumbani kwangu tunasali. Akasema, "Basi kwangu nilikokandika samadi utasali wapi ukija?" Tumeelewana tukatumia majivu.

Hii nyumba naielewa, Ramazani. Ikiumwa najua inaumwa wapi, na dawa iko chini ya miguu yangu. Ile yako ikivunjika ubao mmoja tutangoja lori kutoka Afrika Kusini. Mi sitaki maisha ya kungoja lori. Nataka jiko, mkeka, msumari wa chandarua, na mahali pa mgeni kukaa. Hivyo ninavyo.

Kwa hiyo jibu ni hili. Mwambie bosi wako ndiyo, usiiachie ile nyumba. Lakini iandikwe jina lako, si la mama yako. Wewe na Zaina mnalala chumba kimoja na mnapika juu ya ndoo. Wewe bado kijana, kesho kazi itakupeleka Kasungu, kesho kutwa Blantyre. Hilo sanduku njo lenu. Lipakeni rangi, wekeni kivuli cha nyasi juu ya paa ili mke wako asipikike humo mchana, na jiko mliweke nje, chini ya kibanda. Mkipata mtoto nitakuja kukaa siku arobaini, nitalalamika joto kila siku, na hamtanifukuza.

Nisalimie Zaina sana. Ana mkono mwepesi na hajibu hovyo, mtunze. Nisalimie mjomba wako fundi cherehani pale Mchesi, mwambie kanzu ya marehemu baba yako bado naidai ipunguzwe ikutoshe wewe. Nisalimie mama mwenye kiwanja chenu, aliyekubali mzee asiyemjua aje kukaa kwake. Na yule dereva, mwambie sombe ipo.

Mama Shantali anawasalimu, mkono umemuuma.

Ukija tena, usilete sukari wala mkate. Njoo na Zaina siku ya Alhamisi kabla mvua haijaanza, mlale hapa. Ijumaa asubuhi nenda nyuma ya nyumba, uegemeze bega lako kwenye ule ukuta, usukume kwa nguvu zako zote kama unavyosukuma marobota ya tumbaku. Ukuta ukianguka, nitafunga mkeka wangu siku hiyohiyo niende nawe Area 25. Usipoanguka, nawa mikono, uingie ndani ule.

Mama yako,
Mama Ramazani