Kamera Isiyotii

Carama, Bujumbura
11 Januari 2026

Mpendwa Mjomba Himid,

Kabla sijakusalimu, nakuomba kwa haki ya mama yangu, dada yako, usimsomee mtu barua hii. Hata mkeo, Mama Ghanima, usimwonyeshe, ingawa najua hamfichani kitu. Saliha anayekuletea anadhani ni salamu tu. Ukishaisoma, ichome.

Sasa, assalaam aleikum warahmatullah. Mu wazima huko Sohar? Mgongo wako unaendeleaje, na yale macho uliyosema yanakusumbua ukitengeneza lenzi? Sisi tu wazima, alhamdulillah. Goti la Mama limepata nafuu, ameanza tena kwenda Buyenzi kusalimia watu. Mimi nimekonda. Mama anasema ni kazi, na ni kazi kweli.

Unajua kwamba tangu nimalize masomo mimi ni karani wa bosi wetu, patron Moubarak, mwenye depo la vyakula. Mpwa wake Huseni yuko huko kwenu kununua vipuri vya magari, na hivi karibuni atapita dukani kwako kuulizia kamera ndogo ya dijitali. Anayetakiwa kuichagua kamera hiyo ni mimi. Ndiyo maana nataka maneno yangu yakufikie kabla ya yake.

Kwenye depo letu simu haziingii. Langoni kuna kikapu, kila mtu anaacha yake asubuhi, na mlinzi akichoka kukaa bure anazipekua. Kwa hiyo sikupigii, na kwa hiyo patron anahitaji kamera.

Mwaka jana aliagiza tende za Ramadhani hii inayokuja. Kontena lilikaa bandarini kwenye joto hadi zikachacha. Tulipofungua milango harufu ilitupiga usoni kama pombe ya ndizi iliyosahauliwa. Mende walitoka kwanza, kisha tukaona funza. Aliyetuuzia alikubali kuleta nyingine bure, kwa sharti kwamba mbovu zichomwe zote, kidogo kidogo kwa kuwa ni nyingi, na apelekewe picha za kila siku ya kuchoma, zenye tarehe.

Patron hachomi. Anataka kuwasha moto mara moja tu, kwa maboksi machache, kisha picha zipigwe huku na huku na tarehe zigeuzwe. Zilizobaki wanawake wanazilowesha uani, katika mabeseni ya maji ya uvuguvugu. Funza wanaelea kama punje za wali, wanaenguliwa kwa kichujio cha chai. Halafu tende zinakandwa kwa mafuta ya kupikia na sukari ili zing'ae, zinatiwa katika mifuko mipya yenye picha ya mtende. Maxime, mtunza stoo, akiniona napita ananiita: "Kuja uonje, mademoiselle! Nyama iko ndani, bure!" Wote wanacheka. Mimi nimeshatapika mara nyingi katika choo cha depo, na siku hizi hata chai yangu naiona ina kitu kinachoelea.

Patron mwenyewe hagusi hata moja. Anatembea na za kwake, za Madina, katika mfuko wa kanzu. Hizi za beseni, nyingine atauza, nyingine atazitoa sadaka misikitini watu wafuturu. Anamtolea Mungu funza, mjomba, na watu watainua mikono kumwombea dua!

Aliniita ofisini akasema: "Assia, we ndiye umesoma. Tafuta kamera ndogo, ya kuingia mu mufuko, utembee nayo kila siku. Nataka yenye kutii. Tarehe tutaiweka sisi wenyewe." Nikauliza kwa nini. "Kwa nini, kwa nini! We ni karani ao ni juge wa kunihukumu?" Akaongeza kwamba atakayepiga picha ni mimi. Nilielewa: anataka mkono wangu uwe ndani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemwendea Mzee Khaled wa kamati ya msikiti, rafiki wa marehemu Baba. Alinisikiliza akijikuna ndevu. "Mutoto wangu, Mwislamu anafunika aibu ya ndugu yake. Uko na ushahidi? Apana? Basi hiyo ni fitina." Kisha, ili mambo yaishe kwa stara, akaenda kumweleza patron mwenyewe! Keshoye patron aliniwekea sahani ya tende mezani, zile za beseni, akasimama mlangoni. "Nasikia haupendi tende, Assia." Nilisema nimefunga. Alitabasamu akaiacha sahani. Tangu hapo nikisikia viatu vyake kwenye saruji najiinamia daftarini, najifanya naandika.

Sasa kamera. Huseni atataka ile nyembamba ya rangi ya fedha ambayo lenzi yake hutoka na kurudi kama shingo ya kobe. Inaingia mfukoni vizuri, lakini kila kitu inaambiwa na mwenye kuishika. Mpe ile ya kuzamia majini, yenye kupokea saa na mahali kutoka setilaiti. Mwambie depo lina vumbi na mvuke, na kamera ile lenzi yake haitoki nje, haimezi vumbi. Hutakuwa umesema uongo. Setilaiti iwashe mwenyewe kabla ya kufunga boksi, mlio na mwanga wake uvizime.

Nimesoma kwamba tarehe inayoonekana pembeni itageuka kama patron anavyotaka, lakini saa na mahali vya setilaiti vinabaki ndani ya picha. Uani hakuna paa, kwa hiyo itashika. Wewe ndiye fundi, nithibitishie. Nikikosea hapa nimekwisha, maana nitalipiga picha kila beseni, na wao watasema ni depo la mtu mwingine, mwaka mwingine. Kadi ya pili ya kuhifadhia picha, itakayokuwa yangu, ifiche ndani ya kitabu cha maelezo. Hapa hakuna anayekisoma isipokuwa mimi.

Picha nitazipeleka kwa imamu na kwa watu wa afya siku ileile, asiwepo wa kumfunika mwenzake. Lazima iwe kabla mifuko haijaenda misikitini.

Nisalimie Mama Ghanima, Zayd na Lamya. Dada yako Zubeda anawaombea kila swala. Mungu akulinde na dhulma za watu, na kazi ya mikono yako aitie baraka.

Mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Assia

Namna ya kunipata: usipige simu yangu, wala ya Mama. Saliha ana namba ya Ernestine, jirani yetu anayeuza mkaa. Mpigie baada ya alasiri, ulizia dawa ya goti. Akisema dawa imefika, mwambie aniite, nitakuwa karibu. Akisema dawa imekwisha, ujue siendi tena kazini, basi Huseni mpe kamera yoyote anayotaka. Hapo nitafute Uvira, nyumbani kwa Bibi Houda, na ukipiga huko sema jina lako kwanza, maana nitakuwa nimewaambia wasizungumze na mtu yeyote anayetoka kwa patron wala kumfungulia mlango.