Kahawa Isiyonukia

Mama,

Pumzika basi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonisumbua tangu tukuzike hapa Kanzenze, chini kidogo ya mibuni yako.

Ulipofariki tulifuata desturi: hakuna kugusa jembe mpaka matanga yaishe. Majirani nao vivyo hivyo. Nilifunga cherehani yangu kule Gisenyi nikaja kukaa na dada Verediana. Lakini monitoa, yule mkaguzi wa kahawa, alituma habari kwamba anakuja, na chini ya mibuni palikuwa patupu, bila yale majani anayodai tutandaze. Unakijua kiboko chake. Verediana alilia, akasema wacha atuchape.

Asubuhi ya ukaguzi, ukungu ungali bondeni, tulikuta majani ya migomba yametandazwa chini ya kila mbuni. Mabichi, yanadondoka maji. Migomba yetu haikuwa imekatwa hata jani moja. Na yalilazwa mgongo juu, Mama. Nani mwingine hulaza hivyo? Kilima kizima kilikucheka kwa mtindo huo. Monitoa alizunguka, akaridhika: "Bon. Mama yenu iko anajua kazi." Hakujua kwamba tumeshakuzika.

Nisikufiche, nilikasirika kabla sijaogopa. Yaani hata umekufa unahangaikia kikombe cha mtu mwingine?

Nilikumbuka siku uliponitembelea mjini, nikakununulia kahawa kwenye mgahawa karibu na msikiti. Ulikunywa, ukafumba macho. Nilipokuambia ni kahawa kama yako, ulinitazama kama mwongo. "Yangu haina harufu." Halafu ukauliza: "Hawa Wazungu kwao hakuna hata mubuni mumoja. Sasa mbona wao ndio matajiri, na sisi tunaolima tunavaa viraka?" Nilicheka tu, nikakushonea kiraka kingine.

Kumbe jibu ulikuwa umeshalisema mwenyewe. Haina harufu. Tunaiachia iende kabla haijanukia. Inapanda lori ikiwa punje kavu, na wanaoikaanga na kuitia kwenye mikebe ndio wanaoneemeka. Mkebe ukirudi dukani, sisi tunautazama kwa mbali. Hata hiki kitambaa ninachoshona kiliondoka Kongo kikiwa pamba.

Majani yameendelea. Kila mvua ikinyesha tunakuta mengine, mabichi, mgongo juu. Verediana haendi tena shambani peke yake. Mimi naenda, ila sigeuki nyuma.

Jana mchana niliweka kando punje kidogo ambazo mnunuzi hatazipata, nikazikaanga kwenye chungu chako. Zingine niliziunguza, ungenicheka. Harufu ilijaa nyumba, ikatoka nje, ikateremka mpaka ulipolala. Nikakuwekea kikombe pale, kimejaa.

Leo asubuhi hakuna jani jipya hata moja. Kikombe nimekikuta kikavu, kimegeuzwa kifudifudi, vile ulivyokuwa ukigeuza vyombo ukishamaliza kazi zote za siku.

Nimefurahi, Mama. Nimefurahi sana. Nitaweka jiko kando ya cherehani, niuze kahawa yetu ikiwa inanukia, monitoa apende asipende. Majani nitatandaza mimi, mgongo juu, kama ulivyotaka.

Urabeho, Mama, kwaheri. Usiamke tena kwa ajili yao.

Mwanao,
Anastazi