Dada Yako Hagawanywi

Okolona, Louisville, Kentucky
Jumapili, 12 Mei 2024

Mpendwa shemeji yangu Bagula,

Pokea salamu zangu mimi Murhula, niliyemwoa dada yako kwa ng'ombe ambao mpaka leo hakuna mtu wa kwetu Walungu aliyewasema vibaya. Niko na miaka sabini na saba. Nimeishi kupita vita vitatu, kambi mbili na baridi zote za Kentucky. Nimeishi kupita daktari aliyesema sitamaliza mwaka. Misa ya kumzika nilihudhuria mimi. Hata ghala la viatu nililofanyia kazi huku limefungwa milango, na mimi bado natembea.

Na wewe, afya yako iko namna gani? Ule mguu uliokuwa unakusumbua umepata nafuu? Mvua zimenyesha vizuri? Na mama wa nyumbani kwako, na wajukuu, wote wanaamka salama? Sisi huku tunaamka. Dada yako Cibalonza anakula vizuri na anagomba vizuri, ndiyo dalili ya uzima kwake.

Nakuandikia kwa mkono, ingawa kalamu na mimi hatukukaa pamoja siku nyingi, mapadri walinifundisha mpaka darasa la nne tu. Nimefanya hivyo juu sauti ya simu ikitoka kwangu inafika kwako imeshapita masikio ya ukoo mzima. Barua hii itakufikia mkononi mwa Balagizi, mtoto wa yule katekista wetu, anayekuja huko kuoa.

Bon. Sauti yako ya siku ya Pasaka niliipata. Ulisema, "Murhula, kama umeshindwa kumtunza dada yangu, mrudishe kwa watoto wake." Niliisikiliza nimesimama, nikakaa, nikaisikiliza tena. Shemeji, ulihukumu kesi baada ya kusikia upande mmoja. Sasa sikia na upande wangu, ambao ndio wa kweli.

Mwaka jana, ghala lilipofungwa, watoto walifanya kikao kwenye simu bila sisi. Unawajua wawili hao: Nshombo anaendesha lori, anakaa Columbus. Jolie anakaa Buffalo, anahudumia wazee katika nyumba ya wazee, na mume wake anafanya kazi ya kiwanda Tonawanda. Wakasema tumezeeka, hatuwezi kukaa peke yetu. Donc, mama aende Buffalo kulea mapacha wa Jolie. Baba aende Columbus, kuna chumba chini ya nyumba ya Nshombo. Hii nyumba ya Okolona tuirudishe kwa mwenyewe. Kati ya Columbus na Buffalo mtu anashinda nusu siku barabarani. Walitugawa sawa nyama ya Krismasi, huyu paja, huyu mbavu, na hawakuuliza mbuzi.

Nilikataa. Nao wakaniambia kwa upole, sauti ile wanayotumia kwa wagonjwa, kwamba nitazoea.

Kwenye ghala nilikuwa nabeba maboksi pamoja na mwanaume wa Guatemala, anaitwa Eusebio. Yeye hajui Kifaransa, mimi sikujua Kihispania, tukaelewana miaka. Nilipomweleza habari ya watoto alisema, "Nenda kamsalimie mama yangu kule milimani. Ukirudi mzima na mke wako, nani atasema huwezi kukaa kwako?" Nikaona mtu huyu ana akili. Tulikuwa na pasipoti za Amerika, zimelala kwenye sanduku tangu siku ya kiapo cha uraia. Na mimi sifanyi kitu nusu: kama ni kufika Guatemala, nikasema tuanzie Mexico, tupite mpaka Peru.

Tuliondoka majani ya miti yakianguka. Dada yako alifunga mzigo alivyozoea kufunga: sufuria, chumvi, blanketi, Biblia, picha za watoto, na nyaraka ndani ya plastiki mbili. Sufuria, shemeji. Tuliibeba nusu ya Mexico kabla ya kuwaachia masista wa parokia moja.

Huko barabarani kuna vijana wazungu wengi, mabegi makubwa mgongoni, nyuso zimeungua na jua, viatu vimechoka. Mwanzoni nilifikiri kuna mahali kunawaka moto. Nikamwuliza mmoja kwa Kifaransa anakimbia nini. Akanijibu anakimbia ofisi.

Mpakani tulishuka kwenye gari, tukaingia Guatemala kwa miguu. Unajua mimi na mipaka. Miguu yenyewe ilianza kwenda haraka, na shingo ilianza kugeuka nyuma. Cibalonza alinishika shati. "Baba Nshombo, punguza mwendo," alisema. "Hakuna anayetufuata." Askari alitazama pasipoti, akapiga muhuri, akatutakia safari njema. Tulikaa kwenye jiwe upande wa pili. Mara zote tulizovuka mpaka mimi na dada yako, hiyo ilikuwa ya kwanza ya kutaka wenyewe.

Mama yake Eusebio anakaa mlimani, upande wa Huehuetenango, jina ambalo hata wao wanalitamka kwa kupumzika katikati. Alitupokea kwa maharage na mahindi, sawa tumefika kwetu, soko la Mugogo. Na huko niliona jambo. Watu wanabeba kuni mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, sawasawa na mama zetu wakitoka sokoni. Lakini wanaobeba ni wanaume. Wazee wa umri wangu, mkanda kwenye paji, wanapanda mlima wanapiga hadithi. Dada yako alicheka mpaka akashika mlango. "Tazama vizuri, Baba Nshombo. Kumbe shingo ya mwanaume haivunjiki." Nilimjibu kwamba kila nchi ina desturi yake na mimi yangu naijua. Yule mama akampa mkanda wake mmoja wa ngozi, zawadi.

Kihispania nilikishika haraka, niseme ukweli, kinatembea karibu na Kifaransa. Kolombia nilikuwa nauliza bei na njia bila kusaidiwa. Huko, upande wa bahari ya magharibi, watu ni weusi sawa sisi, na sokoni wanawake walikuwa wanamsemesha Cibalonza sawa jirani yao. Wanalima mihogo mizuri kabisa, na majani wanatupa. Wanatupa sombe, shemeji. Dada yako hakuweza kuvumilia. Aliomba majani, akaomba kinu, akatwanga uani kwa mwenye nyumba tuliyopanga. Wakamsimanga kwamba anapikia mbuzi. Jioni hiyo walipangusa sufuria kwa vidole, na kesho yake mwenye nyumba alikuwa anasimama shambani anatazama majani yake kwa macho mapya.

Sasa nafika Peru, penye maneno uliyoyasikia.

Ilikuwa juma la kabla ya Pasaka, milima ya juu ya Cusco. Basi lilituacha barabarani, nyumba ya kulala ikabaki juu ya kilima. Mimi mlima haunisumbui, nilizaliwa juu. Lakini katikati ya njia Cibalonza alisimama. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na pumzi inakuja fupi fupi. Alisema nimwache akae kidogo. Nilitazama chini, gari lilikuwa limeondoka. Nilitazama juu, watu wa kijiji wamekaa ukutani wanatuangalia. Palikuwa na msichana wa Ubelgiji, Charlotte, anatembea njia ile ile na begi lake. Yeye alisema juu kuna zahanati.

Shemeji, niliogopa. Sijaandika neno hilo mahali pengine na sitaliandika tena. Kuogopa mtutu wa bunduki ni kitu kimoja, unajua ukimbilie wapi.

Niliweka begi langu kifuani. Lile la dada yako nikalifunga kwa ule mkanda wa ngozi, nikaupitisha kwenye paji langu, nikainama sawa mama yangu alivyokuwa anainama, nikapanda. Kwa mkono mmoja nilimshika Cibalonza, na Charlotte akamshika upande wa pili. Dada yako aliniangalia na mkanda ule kichwani na hakucheka. Hapo ndipo nilijua ni mgonjwa kweli.

Zahanati walimpa hewa ya chupa, na asubuhi wakatushusha bondeni, akarudiwa na rangi, akaanza kuuliza nimeweka wapi kitenge chake. Muuguzi alinipima na mimi, akasema moyo wangu ni wa kijana. Usilisahau hilo unapowasimulia watu.

Mlangoni pa zahanati Charlotte alikuwa amenipiga picha na mkanda wangu, nikampa namba ya Jolie, akaituma kwake kwa nia njema. Jolie akaituma kwa Nshombo, Nshombo akaituma kwenu, na njiani ikazaa maneno: baba amerukwa na akili, anabeba sawa mwanamke, mama karibu afe. Kubeba, nilibeba. Mama kuugua, aliugua. Akili iko mahali pake, wewe soma barua hii uone.

Tuliporudi watoto walituita Columbus, juu iko katikati ya njia. Nshombo alikuwa amejitayarisha sawa mwanasheria. Alisema picha ile iko kwenye simu ya kila mtu wa kwetu, na kwamba mjomba Bagula mwenyewe ameshakubali tugawanywe. Mimi nilijibu. Nilianzia kwenye ng'ombe za mahari, nikapita vita vyote, nikafika kwenye muuguzi. Yalikuwa maneno mazito. Jolie alikuwa anatazama saa.

Halafu dada yako aliweka sahani chini.

"Nimebeba mizigo tangu nikiwa mtoto," alisema. "Mkanda ulichimba njia kwenye paji langu, mnaiona. Hakuna mwanaume aliyewahi kuupokea. Baba yangu hakuupokea. Kaka yangu Bagula, ninayempenda, alikuwa anatembea mbele na fimbo. Huyu aliupokea, na watu wanatazama. Nikikaa Buffalo na yeye akikaa Columbus, siku nitakaposimama katikati ya njia, ataupokea nani?"

Maneno ni yake, shemeji. Alikutaja kwa jina, na mimi siwezi kukata jina lako bila kukata sentensi nzima.

Jolie alilia. Akauliza, sawa mtoto, "Na mapacha wangu, mama?" Swali lile lilikuwa la haki, juu anatoka kazini usiku na mume wake anaingia asubuhi. Cibalonza alimjibu kwamba mapacha ni wake na atawalea. "Lakini tunakuja wawili, na tunarudi wawili."

Donc imekatwa hivi: nyumba ya Okolona inabaki yetu. Nshombo mwenyewe alitusindikiza mpaka hapa, akaenda kuongea na mwenye nyumba. Jolie akitupigia, tunaenda Buffalo pamoja. Mimi Buffalo siipendi, theluji yake inatoka ziwani na hasira, lakini nitaenda. Mapacha wale wananijibu Kiingereza, nimekusudia wanijibu Mashi, lugha yetu, kabla meno yao hayajamaliza kung'oka.

Limebaki jambo moja, na liko kwako. Nshombo anakuheshimu, wewe ni mjomba, na neno lako la Pasaka bado liko kwenye simu yake. Mtumie lingine. Sikuombi unisifu, hilo nafanya mwenyewe. Mwambie tu kwamba dada yako hagawanywi. Ukikataa, unanijua, sitahama. Lakini mama yao atalala vizuri zaidi akijua kaka yake yuko upande wake.

Nisalimie mke wako, nisalimie shangazi Kabanyana kama bado anasikia, na wote wa kilima chetu. Mungu aliyetuvusha na kuturudisha awalinde mashambani na njiani, awape mvua bila mawe.

Ni mimi ninayekupenda hata ukinikosea,

Murhula

Ukiona nimeongeza chumvi, mashahidi wako. Eusebio, hapa hapa Louisville. Mama yake, kule mlimani. Charlotte wa Ubelgiji, namba yake anayo Jolie. Muuguzi wa Peru, ambaye jina nimesahau lakini yeye hajanisahau. Na huyu aliyeandika hapa chini, juu anasema kaka yake anaujua mwandiko wake:

Cibalonza