Pori la Sibwesa Halijachomwa

Mishamo, Septemba

Kaka Gratien,

Pokea salamu zetu wote wa hapa nyumbani. Nyie huko Burundi mko wazima? Mguu wa Mama unaendeleaje, na mkeo Marsela ameshajifungua? Sisi tunaamka, tunaenda shamba, tunarudi. Siumwi, nimechoka tu. Mahindi ya mwaka huu hayakunifika hata kifuani.

Najua unasubiri habari ya lile pori la upande wa Sibwesa ulilotuomba tukufyekee, maana shamba lenu huko limegawanywa mpaka limebaki kama ua wa nyumba. Mume wangu Aristide alilifyeka kiangazi hiki, peke yake. Miti ikalala, ikakauka, ikabaki kuwasha moto tu.

Basi wakaja watafiti kutoka chuo fulani, wakatukusanya kanisani. Walisema wanalinganisha Tanzania na Burundi, waone ni nchi ipi ambayo kilimo na chakula chake kinatoa zaidi ile hewa inayoongeza joto duniani. Wakaeleza kuwa mbolea inatoa, mpunga wa bondeni unatoa, na ng'ombe akicheua anatoa. Watu wote wakageuka kumtazama Ng'washi, jirani yetu mfugaji. Akasema ng'ombe hao hao ndio wanaowalimia mashamba. Tulicheka kidogo.

Mtafiti mmoja, dada anayeitwa Séverine, akasema Tanzania inatoa nyingi kuliko Burundi, kwa kuwa mifugo yetu ni mingi na bado tunachoma misitu kupata mashamba. Mzee Celestin, aliyekimbilia huku kutoka Burundi akiwa kijana, akauliza kama basi Warundi ndio wakulima wema. Séverine alijibu kuwa hapana, Burundi ni nchi ndogo, na misitu yake mingi ilishakatwa zamani. Hakuna tena ya kuchoma.

Neno hilo lilininyima raha. Nyie mnataka kuja huku kwa sababu ardhi ya huko imekwisha, na sisi tunawaandalia mahali kwa kuimaliza ya huku. Ukihama na watoto, moshi wako utaandikwa upande wa Tanzania, basi. Joto litabaki lile lile, na mvua tutaikosa sote.

Sasa nikuambie kwa nini nilinyamaza muda wote huu. Pori halijachomwa. Aristide alipokwenda na kiberiti nilimfuata, nikakaa katikati ya miti aliyoikata, nikamwambia awashe nikiwa pale pale. Aliniita kichaa, akatupa kiberiti, akaondoka. Mimi nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kulirudisha pori mikononi mwa kijiji. Visiki vimeshaanza kuchipua. Aristide anakula chakula changu bila kunisemesha.

Usinikasirikie, kaka. Njoo hivyo hivyo, habari ya vibali tutaifuata pamoja. Shamba langu la mihogo na maharage nimeligawa katikati, na mpakani nimepanda miti ya minyaa iwe alama. Upande wa barabarani ni wako. Udongo wake umechoka, ila Ng'washi ameahidi kutupa samadi. Tutabanana kama mnavyobanana huko.

Aristide ameiona minyaa. Jana alichukua jembe, akaanza kulima upande wako.

Mshike Mama mikono yote miwili kwa niaba yangu, na watoto uwasalimie mmoja mmoja kwa majina yao.

Ni mimi mdogo wako,
Ernestine