Radi ya Mzee Eustaki

Sumbawanga,
7 Machi 2010

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na kwamba mvua hizi hazijalaza mahindi. Huku Albina na watoto ni wazima, wanakuamkia. Mimi mwenyewe ndiyo sijui nijielezeje, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu.

Dada Jenifer ameniambia jumuiya ilikuwa isali kwa mzee Eustaki wiki hii, nawe ukasema huwezi kuketi kwa mtu aliyetutumia radi ikaunguza sauti ya marehemu mama. Wengine wakakufuata. Anasema mzee alikuwa ameshatandika mikeka.

Nikueleze ilivyokuwa. Lile sanduku uliloliona sebuleni kwangu ni kompyuta yenye diski nane za mitumba nilizozinunua Tunduma. Niliziunga kwa programu zikawa ghala moja kubwa la kazi zote za studio yangu ya picha na video, pamoja na harusi ya Jenifer, pale mama anapomuasa kwa Kifipa. Uzuri wa ghala lile, diski moja ikifa, zilizobaki zinabeba kazi yake. Nikajiamini mno, hata kanda za zamani nikazirekodia harusi za watu wengine.

Unakumbuka siku ile mlipokuja kwangu, nilivyochomoa diski moja mbele yenu, mama akaendelea kuongea kwenye skrini, mkapiga makofi. Sifa zikanipanda kichwani. Niliirudisha, mashine ikaanza kuijaza upya, kazi ya kutwa nzima, na muda huo hutakiwi kugusa nyingine hata kwa bahati mbaya. Wewe ukatoka kumsindikiza mzee Eustaki, aliyeondoka amenuna kwa sababu picha zake sikuwa nimezimaliza. Ndipo akaingia shemeji Benjamini, kachelewa kama kawaida yake, akaomba naye aonyeshwe.

Baba, nikachomoa ya pili.

Skrini ikawa nyeusi. Wakati huohuo radi ikapiga huko bondeni, Benjamini akasema ni radi hiyo, nami nikaitikia. Uliporudi ukaniuliza, nikakujibu vilevile. Hata hapo pengine kazi ingeokolewa, ila kwa kuhaha kwangu niliiamuru mashine iliunde ghala upya, ikafuta kila kitu.

Radi haikugusa nyumba yangu. Aliyeipoteza sauti ya mama ni mimi mwanao, kwa kutaka kusifiwa na shemeji. Ulipoanza kumtaja mzee Eustaki nilijiambia yatapita. Hayakupita, na unajua kwetu mtu akishaitwa jina lile la mchawi, hata wajukuu wake hukosa wa kucheza nao. Naona aibu kubwa, Baba, na sina wa kumsingizia.

Jumamosi nakuja. Nitashukia kwa mzee Eustaki kwanza, ndipo nije kwako. Jumuiya wakikubali, tusali kwake, nami nitayasema haya mbele ya wote. Ukiona vema usinipokee, sitalalamika.

Nisalimie shangazi Marsiana na majirani. Na ukikutana na mzee Eustaki kisimani kabla sijafika, nakuomba umsalimie wewe kwanza.

Mwanao,
Flavian